JE, DAWA ZA KIENYEJI ZINA KIPIMO?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami leo nina swali ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu likizo ya Agosti: je, dawa zetu za kienyeji zina kipimo?

Swali hili sikulipata darasani. Nililipata jikoni. Mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa hapa Kitale, na kila shule zinapofungwa hupanda matatu, nikapita Kiminini na Kamukuywa, hadi Bungoma kwa kukhu, ndiye nyanya kwa lugha yetu ya Kibukusu. Kukhu ana shinikizo la damu, na kliniki humpa vidonge vya kumeza kila siku. Jioni moja nilikuwa nje nikipasua kuni, mara nikasikia sufuria imeanguka, puu! Nilipoingia nilimkuta kukhu amelala sakafuni kando ya meko, jasho jembamba likimtiririka, macho yake yakinitazama bila kunijua.

Tulimkimbiza hospitalini kwa gari la jirani. Daktari alimpima kisha akauliza, "Mama amekunywa nini leo?" Ndipo shangazi yangu akakumbuka chupa iliyokuwa chini ya kitanda. Ilikuwa chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya kahawia. Kumbe kukhu aliinunua sokoni kwa mtu mwenye kipaza sauti, aliyetangaza ati dawa yake inatibu presha, sukari, mgongo, malaria na hata kukosa usingizi. Maagizo yalikuwa mafupi: nusu gilasi asubuhi, nusu gilasi jioni.

Daktari aliishika ile chupa, akaigeuza juu chini. Haikuwa na karatasi wala maandishi. Akatuuliza maswali manne. Huu ni mti gani? Ni mzizi, gome au majani? Katika nusu gilasi mna dawa kiasi gani? Na je, dawa hii ikikutana tumboni na vidonge anavyomeza, inatokea nini? Tulitazamana kama kondoo. Hatukuwa na jibu hata moja. Kukhu alilazwa siku mbili, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Lakini mpaka leo hakuna ajuaye kama ni chupa ile iliyomwangusha au ni ugonjwa wenyewe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hatuwezi hata kumlaumu yule mchuuzi kwa haki, wala kumwondolea lawama kwa haki.

Niliporudi shuleni nilianza kusoma na kuwauliza walimu wa sayansi. Nikagundua kwamba yale maswali manne ya daktari yamewasumbua watu wengi duniani, hasa Wachina, ambao tiba yao ya jadi imeenea kila bara.

KIWANGO NA MWONGOZO

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kiwango ni makubaliano kuhusu kitu: dawa hii iitwe hivi, itokane na mmea huu, iwe safi kiasi hiki, sindano hii iwe hivi. Mwongozo wa matibabu ni makubaliano kuhusu tendo: mgonjwa wa namna hii apewe dawa gani, kiasi gani, kwa siku ngapi, na wakati gani apelekwe kwingine.

Sisi wa Chama cha Kiswahili hatufai kulionea ajabu jambo hili. Lugha tunayoandikia si imesanifishwa? Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ili kusawazisha tahajia, sarufi na msamiati. Lahaja ya Kimvita, pamoja na utamu wake wote wa mashairi, ikawekwa kando. Wapo walionung'unika, na wapo wanaonung'unika mpaka leo. Lakini ni kwa sababu hiyo mtoto wa Kitale na mtoto wa Tanga wanaweza kusoma kitabu kimoja wakaelewana. Usanifishaji una faida, na una kile unachokiacha nje. Tuyakumbuke yote mawili tunapoendelea.

JINA LIKIKOSEWA

Swali la kwanza la daktari lilikuwa la jina. Waweza kudhani jina ni jambo dogo. Hebu sikiliza yaliyotokea Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fang ji. Lakini kuna mmea mwingine, Aristolochia fangchi, unaoitwa guang fang ji. Majina yanafanana, na mizizi iliyokaushwa inafanana. Mmoja ukaingia mahali pa mwenzake. Aristolochia ina sumu inayoharibu figo na kuleta saratani. Madaktari wa huko walitangaza jambo hili mwaka 1993, na hatimaye walioumia walipita watu 100. Wengi figo zao zilikufa kabisa. Yote hayo, ndugu msomaji, kwa sababu ya jina!

Hapa kwetu hatari hiyo ipo pia. Mmea mmoja waweza kuwa na jina moja kwa Wabukusu, jingine kwa Wasabaoti wa Mlima Elgon na jingine kwa mchuuzi aliyetoka mbali. Na jina moja laweza kubeba mimea mitatu. Kwa hiyo kiwango cha kwanza ni hiki: kila dawa iandikwe jina la kienyeji pamoja na jina la kisayansi, na itajwe sehemu inayotumika, iwe ni mzizi, gome, jani au tunda.

DAWA YA MALARIA ILIVYOPATIKANA

Swali la kiasi laelezwa vizuri na kisa cha dawa ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuimeza. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale na kukusanya mamia ya maelezo ya mitishamba. Mmoja wa mimea hiyo, qinghao, ulionekana kufaa, lakini majaribio yakawa hayatulii: leo dawa inafanya kazi, kesho haifanyi.

Tu Youyou akarudi kusoma kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4. Kitabu kilisema mmea uloweshwe majini kisha ukamuliwe maji yake yanywewe. Hakikusema uchemshwe! Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dawa iliyoangamiza vimelea vyote katika panya wa maabara. Dawa hiyo ni artemisinini. Aidha ilibainika kwamba jina qinghao liliitwa mimea kadhaa, lakini wenye dawa hasa ni Artemisia annua. Ndugu yake wa Afrika, Artemisia afra, ambaye wengine humwita pakanga, karibu hana artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel.

Sasa angalia jinsi jani lilivyogeuka mwongozo. Kenya iliamua mwaka 2004 kwamba dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida iwe mchanganyiko wa artemetha, iliyotokana na artemisinini, na lumefantrini. Mwaka 2006 ikaanza kutolewa katika hospitali. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 katika siku 3, jumla vidonge 24, na hushauriwa ameze baada ya chakula chenye mafuta kidogo kama maziwa. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Kwa nini dawa mbili pamoja? Ili kimelea kikiponea moja kiuawe na nyingine, kisipate nafasi ya kuwa sugu.

Wengine husema, basi si tupande mmea huo nyuma ya nyumba tunywe chai yake? Shirika la Afya Duniani lilijibu mwaka 2019 kwamba haliungi mkono jambo hilo. Dawa iliyomo katika majani hutofautiana shamba kwa shamba na msimu kwa msimu. Chai ikiwa hafifu itapunguza vimelea bila kuwamaliza, na wanaobaki ndio watakaotusumbua kesho. Hapo nilikumbuka ile nusu gilasi ya kukhu. Nusu gilasi ya nini?

SINDANO NA KIDOLE GUMBA

Tiba nyingine ya Wachina ni akupancha, yaani kuchoma ngozi kwa sindano nyembamba sana katika sehemu maalumu za mwili. Afrika Mashariki si ngeni kwa madaktari wa China. Timu yao ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964, na tangu hapo wengine wamekuwa wakija.

Lakini sehemu hizo maalumu ziko wapi hasa? Wachina, Wajapani na Wakorea, wote warithi wa elimu moja, hawakuwa wakikubaliana. Wataalamu wao wakakaa pamoja kwa miaka kadhaa chini ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2008 kikatolewa kitabu chenye sehemu 361. Hata hivyo, sehemu 6 ziliwashinda kuafikiana, nao wakaandika wazi kwamba hizo bado zina mjadala. Mimi nilipenda ukweli huo. Mtu mzima kukiri kwamba hapa hatujakubaliana si aibu.

Kilichonishangaza zaidi ni kipimo chenyewe. Hawatumii sentimita. Wanatumia kipimo kiitwacho cun, ambacho ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Vidole vinne vilivyobanwa pamoja ni cun 3. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa mtoto si mkono wa mtu mzima, na sehemu iliyo sentimita tano juu ya kifundo kwangu siyo iliyo sentimita tano kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kipimo kinamfuata mgonjwa.

Kuhusu usafi hakuna cha kujadili. Sindano iliyotumika kwa mtu mmoja ikatumika kwa mwingine yaweza kupitisha ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI, na sindano ikichomwa kifuani kwa kina kisichofaa yaweza kutoboa pafu. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa mwaka 2014 kiwango cha sindano za akupancha zilizosafishwa na zinazotumika mara moja tu.

MWONGOZO HUBADILIKA

Je, akupancha inaponya kweli? Jibu la haki ni kwamba inategemea ugonjwa, na inategemea ushahidi. Watafiti huwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja huchomwa sindano mahali panapostahili. Jingine huchomwa mahali pasipostahili, au hutumiwa sindano ya bandia isiyoingia, bila mgonjwa kujua. Kisha matokeo hulinganishwa. Mara nyingi makundi yote mawili hupata nafuu, na hapo ndipo ubishi huanza: ni sindano iliyosaidia, au ni imani na kule kushughulikiwa kwa upole?

Taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, NICE, ilikubali akupancha kwa maumivu ya mgongo mwaka 2009. Mwaka 2016 ikaiondoa, kwa kuwa tofauti kati ya sindano halisi na ya bandia ilionekana ndogo mno. Lakini mwaka 2012 iliikubali kwa wenye kipandauso, hadi mara 10 kwa muda wa wiki 5 hadi 8. Rafiki yangu nilipomweleza haya alicheka, akasema, "Hao wazungu hawana msimamo!" Mimi naona kinyume. Mwongozo mzuri ni ule unaokubali kurekebishwa. Yule wa sokoni mwenye kipaza sauti ndiye asiyebadilika: dawa yake inatibu kila kitu, mwaka nenda mwaka rudi.

Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walifunga safari hadi Loliondo nchini Tanzania kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500 za huko. Kikombe kilikuwa kimoja kwa maradhi mengi, na kwa wengi waliokunywa. Wapo wagonjwa mahututi waliofia katika foleni ile. Siandiki haya kumdhihaki mtu. Aliyekata tamaa hushika hata unyasi. Nasema tu kwamba kikombe kimoja kwa wote hakiwezi kuwa kipimo.

KWETU TUMEFIKA WAPI?

Mambo si mabaya yote. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ambayo iliunda baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Kenya nayo, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilitenga sehemu nzima kwa tiba hizi, ikitaka ziwekewe sera, chombo cha kuzisimamia na utaratibu wa mganga kumpeleka mgonjwa hospitalini. Bodi ya Dawa na Sumu husajili dawa za mitishamba, na taasisi ya utafiti ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za asili.

Mfano mzuri uko hapo tu Kakamega. Wakulima wanaopakana na msitu walipanda mmea wa jamii ya mrihani, Ocimum kilimandscharicum, wakishirikiana na watafiti wa icipe. Majani huvukizwa, mafuta hukusanywa, na hutengenezwa dawa ya kujipaka iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na bodi hiyo. Mmea unajulikana, mafuta yanapimwa, kibandiko kipo. Kumbe inawezekana!

Lakini kazi ingali kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliweka sura ya tiba ya jadi. Sura hiyo ilianza na tiba yenye asili ya China ya kale. Kwa nini wao? Sababu moja kubwa ni kwamba waliandika. Ge Hong aliandika, na baada ya miaka 1,600 mtu akafungua kitabu chake akaokoa mamilioni. Je, mganga wa Mlima Elgon wa karne hiyohiyo alijua nini? Hatutajua kamwe.

KIPIMO CHA KUKHU

Likizo ya Disemba nilirudi kwa kukhu. Nilimuuliza kwa nini alinunua chupa ya mtu asiyemjua, ilhali ujanani alikuwa akichimba dawa mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miguu haifiki tena msituni, mjukuu wangu. Na ninyi hamkuuliza."

Basi nikauliza. Akaniambia mambo ambayo sikuyatarajia. Gome halichunwi kuuzunguka mti. Huchunwa ubavu mmoja, ubavu wa pili huachwa mpaka wa kwanza upone, la sivyo mti hufa. Nilistuka, kwa maana ndivyo wataalamu wanavyoagiza kuhusu Prunus africana, mti unaoota hata Mlima Elgon, ambao gome lake hutengenezewa Ulaya dawa ya tezi dume. Ulichunwa ovyo Afrika hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES.

Nikamuuliza, "Na kiasi je, kukhu? Mtoto mlimpa sawa na mtu mzima?" Akanikazia macho kama niliyesema upuuzi. Akasema kwamba majani hupimwa katika kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Mtoto kwa kiganja chake, mama kwa kiganja chake. Na mwenye mimba hapewi.

Nilibaki kinywa wazi. Cun ya Wachina na kiganja cha kukhu vimeafikiana bila kukutana! Kwa hiyo jibu la swali langu ni hili: dawa za kienyeji zilikuwa na kipimo. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kiganja hakielezi nguvu iliyomo ndani ya jani, wala hakijui habari za vidonge vya presha. Kinahitaji maabara, majaribio na sheria. Lakini kilikuwepo, na kilipotea njiani kati ya msitu na soko, dawa ilipotiwa ndani ya chupa isiyo na jina.

Wanachama wenzangu, maabara hatuna, lakini kalamu tunazo. Napendekeza chama chetu kianzishe daftari. Kila mmoja awaulize wazee wa kwao: mti huu unaitwaje, sehemu gani hutumika, hupimwaje, nani asipewe. Tuandike jina la lugha ya mama, la Kiswahili, na mwalimu wa biolojia atusaidie kupata la kisayansi. Hapa Kitale tuna Jumba la Makumbusho lenye njia ya msituni yenye miti ya asili, basi tuanzie hapo. Kuandika si kutibu. Asitokee wa kuchemsha chochote kutoka daftarini na kumpa mtu. Na wewe ambaye mzee wako anatumia mitishamba, mwambie asimfiche daktari, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Kukhu sasa anameza vidonge vyake na chupa tumeitupa. Mimi nina daftari lenye kurasa kumi na moja za maneno yake. Nilipokuwa nikiaga aliniuliza kama nimeandika lile la mwenye mimba. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nisomee nisikie." Nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili.